Kitambaa Cheupe cha Inkubeta

KUH: KUPOTEA KWA KITAMBAA KIMOJA (1) CHEUPE CHA KUFUMA, CHENYE MAUA PEMBENI, MALI YA WODI YA WATOTO WALIOZALIWA KABLA YA SIKU ZAO, NA MAELEZO YANAYOTAKIWA KWA MAANDISHI KUTOKA KWA WOTE WALIOKUWA WODINI SIKU HIYO.

Hicho ndicho kichwa cha barua iliyoandikwa tarehe 23 Septemba 1974 na msimamizi wa stoo wa Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Silasi, hapa Nyeri, nakala kwa daktari mkuu, nakala kwa mchungaji, nakala kwa mkuu wa jikoni ambaye hakuhusika kwa lolote, na familia inawaomba radhi, ndugu waombolezaji, kwa kuanza historia ya marehemu na barua badala ya kuzaliwa kwake, lakini ni yeye mwenyewe aliyeagiza hivyo. Alituambia kwamba watu wote walioandikiwa barua ile walijibu isipokuwa yeye, kwamba jibu lake lisomwe leo kabla hajashushwa kaburini, na kwamba lisomwe mwisho kabisa, baada ya watu kujua yeye alikuwa nani na Bwana Peterson Mworia wa Timau alikuwa nani, kwa hiyo tutafuata utaratibu wake, maana hata akiwa hai hakuna aliyewahi kumshinda kwa utaratibu. Bwana Mworia yuko nasi, amekaa benchi la tatu, na familia inamwomba kwa heshima asiondoke kabla ya mwisho.

Marehemu Moffat Theuri wa Gatimu alizaliwa Gatitu mwaka 1934, mtoto wa pili wa mzee Gatimu na mama Ngendo, wakati wa kuvuna viazi kwa maelezo ya mama yake, ingawa kitambulisho chake kinasema ni tarehe 1 Januari, siku ambayo, ukikagua vitambulisho vya rika lake, karibu wanaume wote wa upande huu walizaliwa kwa pamoja mbele ya karani mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1943 hadi 1950, akafika darasa la nane, akajiunga na shule ya ufundi mwaka 1951, nayo ikafungwa mwaka 1953 kwa sababu za Hali ya Hatari, na cheti chake kikabaki ndani ya kabati lililofungiwa humo, kikapatikana mwaka 1968 kikiwa kimeliwa na panya hadi kwenye jina. Miaka mitano, kuanzia 1956 hadi 1961, alijifunza kutengeneza redio kwa fundi mmoja Mhindi pale mjini, na tarehe 5 Juni 1961 akafungua kibanda chake Majengo, hatua chache kutoka msikitini, chenye kibao kilichosema kwamba hapa redio hutengenezwa na kufufuliwa.

Ni pale Majengo alipojulikana kwa ukali wake juu ya vitambaa. Nyumba zetu tunazijua, hakuna kitu kinachoachwa uchi, kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, na redio, kwa kuwa ndiyo kitu cha heshima kuliko vyote, huvikwa kitambaa kikubwa kinachoning'inia hadi nyuma, pale penye matundu ya kutolea joto, kisha redio inanyamaza katikati ya taarifa ya habari na mwenyewe anailetea fundi kana kwamba ina malaria. Wanawake wa Majengo wangali wanakumbuka maneno yake, "Mama, umevalisha redio sweta halafu unashangaa ikitoa jasho?" na mmoja wao, mama Waithira wa mkaa, aliwahi kumjibu, "Kwani wewe Theuri, bibi yako hashoni?"

Swali hilo lilikuwa na makali, kwa sababu marehemu alikuwa amefunga ndoa takatifu tarehe 6 Agosti 1960 na Wachuka, binti Kahiga, wa Kianyaga, ambaye vitambaa vyake vilijulikana kutoka Kianyaga hadi Karatina, na katika nyumba yao redio ilifunuliwa na mume kila asubuhi na kufunikwa na mke kila jioni kwa muda wa karibu miaka ishirini na tisa, bila mmoja wao kusema neno juu ya jambo hilo, na sisi watu wa nyumbani tunaamini hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi. Mungu aliwajalia watoto wanne, Ngendo aliyezaliwa mwaka 1962, Gatimu aliyezaliwa mwaka 1965, Waithira aliyezaliwa mwaka 1968, na Kahiga, ambaye habari zake zina mahali pake.

Tarehe 2 Januari 1965 marehemu aliajiriwa na Hospitali ya Mtakatifu Silasi kwa cheo cha Fundi Msaidizi, Umeme na Mengineyo, na katika hayo mengineyo mlikuwa na mashine ya picha za mifupa, jiko la kuchemshia vyombo vya upasuaji, cherehani mbili na baiskeli ya mchungaji. Alikuwa fundi peke yake, na wauguzi walimwita Daktari wa Mashine, jina ambalo alilikataa kwa sauti ndogo sana.

Tarehe 12 Oktoba 1970 alifika Peterson Mworia, kijana wa miaka ishirini na mitano kutoka Timau, mwenye cheti kizima kisichoguswa na panya, rula ndani ya mfuko wa shati, na tabia ya kusalimia kila mtu kwa jina lake. Alimwita marehemu "mwalimu", akamnyanyukia kitini, akamwomba amfundishe, na marehemu alimfundisha yote aliyoyajua, kisha akaanza kumchukia kwa kuyajua. Hatusemi haya kwa kumdhalilisha, tumetumwa kuyasema. Alihesabu ni mara ngapi jina la Mworia lilitajwa kwenye kikao cha Jumatatu na ni mara ngapi lilitajwa la kwake, aligundua kwamba yule Daktari wa Mashine siku hizi aliitwa Mzee Theuri, na Jumapili moja Mworia alipoalikwa nyumbani akala na kusifu chakula, marehemu aliona kwamba Wachuka amempa paja la kuku, yeye mwenye nyumba akapewa bawa. Wachuka alipouliza kwa nini amenuna, alijibu kwamba hajanuna, na alikaa hajanuna hivyo hadi Alhamisi.

Mwaka 1972, mwezi wa Machi, hospitali ilipokea zawadi kutoka ng'ambo, inkubeta, lile sanduku lenye kifuniko cha kioo ambamo mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hulazwa kwenye joto la kipimo, na hati ya kulipokea ilitiwa sahihi na watu tisa. Ilifanya kazi kwa saa mbili, ikazima. Ikapumzishwa, ikawashwa, ikafanya kazi kwa saa mbili, ikazima tena, taa nyekundu ikawaka, na wauguzi wakawa wanawatoa watoto na kuwafunga vifuani mwao chini ya blanketi, jambo lililowasaidia watoto kuliko mashine. Muuguzi mkuu, Sista Murugi, kwa kuwa Nyeri ni baridi na mashine nayo ni mgeni, aliagiza kwa Wachuka kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika vizuri mgongoni. Marehemu alikiondoa siku hiyo hiyo, akawaeleza, wakakirudisha, akakiondoa tena, lakini hata ikiwa imefunuliwa mashine ilizima. Kwa mwaka mmoja na nusu aliifungua na kuifunga, akabadilisha transista mara tano, akamwandikia aliyeitengeneza, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa.

Aliyeona tatizo ni Mworia. Alifunga kipimajoto kidogo kwa uzi juu ya ile transista kubwa inayopeleka umeme kwenye koili, ule waya wa kupasha joto, akakaa mbele yake asubuhi nzima akiandika, kisha akamwita marehemu na kumwambia, "Mwalimu, hii kitu haina ugonjwa, inajipika. Sanduku ya transista wameiweka juu ya koili, na hiyo bati ya kubeba joto ni nyembamba kama karatasi. Joto ikikosa pa kwenda, swichi ya kinga inakata umeme, mtoto naye anapoa." Ndiyo kusema kwamba mtoto alishikwa na baridi kwa sababu mashine yake ilishikwa na joto. Marehemu alimtazama akasema, "Na wewe umetumwa kutoka Timau uje uitolee dirisha?" na Mworia, ambaye hakujua dhihaka inapoanzia, akasema, "Ndiyo, mwalimu, dirisha ndiyo inatakikana."

Mwezi wa Julai 1974 Mworia alinunua sufuria kuukuu ya aluminiamu sokoni Majengo, akaikata kitako, akakunja mapezi manane ya kusimama ya kutawanyia joto, akaifunga transista juu yake, na katikati, ili joto lipite bila kukwama kwenye hewa, akapaka marhamu nyeupe ya zinki, ile ile inayopakwa watoto wenye vipele vya nepi, hadi Sista Murugi akacheka akasema, "Woi, sasa hata mashine imetoka vipele?" Kisha akalihamisha sanduku la transista kutoka juu ya koili akalifunga nje, mgongoni mwa mashine, akatoboa matundu chini na juu ili hewa ya baridi iingie huku na ya moto itokee kule, akaomba kile kitambaa kiwekwe rafuni, na mashine ikafanya kazi siku tatu mfululizo bila kuzima. Marehemu aliweka nyuma ya mkono wake karibu na yale mapezi, akahisi joto likipanda taratibu kama linavyotakiwa, akajua mara moja kwamba kazi ile ni sahihi, kwamba haikuhitaji kitu chochote ambacho yeye hakuwa nacho, ni sufuria, msumeno na marhamu tu, na kwamba mtu aliyewafokea wanawake wa Majengo miaka mingi juu ya joto la redio ndiye aliyepaswa kuifanya. Alimwambia Mworia kwamba mapezi saba yangetosha. Nyumbani alimwambia Wachuka kwamba kijana yule ana kelele, na Wachuka akasema, "Lakini mashine si inafanya kazi?" na hapo marehemu akainuka, akaifunua redio ingawa ilikuwa jioni.

Habari zilifika mkoani, ikaundwa Kamati Ndogo ya Kukagua Marekebisho Yasiyoombwa ya Vifaa Vilivyotolewa Kama Zawadi, yenye wajumbe saba, na ikasemwa wazi kwamba mashine ikipita, Mworia atapewa nafasi ya kusoma ng'ambo kwa miaka miwili, kusomea mashine za hospitali, na kwamba fundi mkuu atakapotafutwa hawatatafuta mbali. Ukaguzi ulifanyika Alhamisi, tarehe 19 Septemba 1974, kuanzia saa tatu asubuhi, chupa tatu za maji ya vuguvugu zikiwa zimelazwa mahali pa mtoto, mashine imesimama mgongo wake ukielekea ukutani, na masharti yalikuwa kwamba maji yasipungue joto kwa saa nne. Kumbukumbu za kikao, ambazo tunazo hapa, zinasema kwamba saa tano kasorobo wajumbe walikwenda kunywa chai pamoja na Bwana Mworia, fundi M. Theuri akabaki kuangalia mashine, saa tano wakarudi, na saa sita kasoro dakika ishirini taa nyekundu ikawaka na umeme ukakatika. Mworia alisimama pale akisema, "Haiwezi, hii haiwezi, imekaa siku tatu," mjumbe mmoja akamwambia, "Bwana, leo ni siku ya nne," wenzake wakacheka, na fundi Theuri ndiye aliyeingia nyuma ya mashine kuichomoa ukutani.

Kamati iliandika kwamba ubunifu ule haukustahimili, nafasi ya masomo ikarudishwa kwa wenyewe bila kutumiwa, Mworia akapewa onyo kwa kuharibu zawadi, na tarehe 1 Novemba 1974 akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi Timau. Katika uchunguzi wote wa mashine ziliandikwa kurasa mbili. Uchunguzi wa kile kitambaa, ambacho Sista Murugi alikikosa rafuni jioni ya siku ile, ulichukua barua saba na vikao vitatu, mkuu wa jikoni akaapa kwa maandishi kwamba hajawahi kufunikia chakula kwa kitambaa cha wodi, na mwishowe ikaamuliwa kwamba kitambaa kimechakaa kwa matumizi ya kawaida, kikafutwa kwenye daftari.

Marehemu aliagizwa aondoe lile bamba la mapezi la Mworia na kuirudisha mashine ilivyokuwa. Hakuliondoa. Aliandika kwenye daftari la karakana, "Marekebisho yamefanywa, M. Theuri," mashine ikawashwa, na tangu siku hiyo hadi alipostaafu mwaka 1986 haikuzima hata mara moja. Mwezi wa Februari 1975 alipandishwa kuwa Fundi Mkuu. Hospitali za Embu na Karatina zilipoleta maombi alikata sufuria nyingine kumi na moja, kila moja kwa mapezi manane, akapewa cheti cha ubunifu mwaka 1979, akakitundika sebuleni, na Wachuka akakifumia kitambaa.

Tarehe 8 Aprili 1977 Wachuka alijifungua mtoto wa kiume kwa mimba ya miezi saba, uzito wake ukiwa chini ya ratili tatu, naye ni huyu Kahiga mnayemwona amesimama karibu na jeneza. Alilazwa ndani ya mashine ile siku arobaini na moja. Baba yake alikuwa akitoka karakana kila baada ya saa moja, hamtazami mtoto, anakwenda nyuma ya mashine na kuweka nyuma ya mkono kwenye mapezi, na siku moja muuguzi mgeni alipokuja na taulo akitaka kuianika pale penye joto, alimfokea hadi yule dada akalia, kisha yeye mwenyewe akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Wachuka alidhani ni hofu ya mzazi. Miaka mingi baadaye mumewe alimweleza kwamba ilikuwa hofu, lakini pia ulikuwa wivu, kwamba alikaa pale akiona mtu wa Timau asiyekuwepo akimpasha mwanawe joto, na kwamba angeweza kumsamehe Mworia kwa kuwa fundi bora kuliko yeye, ila hakuweza kumsamehe kwa kuwa mtu ambaye sasa anapaswa kushukuriwa.

Alianza kuugua moyo mwezi wa Novemba 1987, akalazwa mara nne, na Februari mwaka huu wa 1989 akaomba Mworia aitwe. Bwana Mworia aliacha mashine za kukaushia ngano anazozitengeneza kwenye mashamba ya Timau, akaja na gunia la viazi, akakaa kando ya kitanda kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Sisi tuliokuwa mlangoni tulitarajia maneno mazito. Walibishana. "Saba yangetosha," marehemu alisema, na Bwana Mworia akasema, "Mwalimu, nilipima, saba inafika digrii tisini," marehemu akasema, "Ulipima vibaya," mwenzake akacheka akasema, "Haya, basi saba," na marehemu akageukia ukuta. Kabla ya kuondoka Bwana Mworia alisema jambo moja, kwamba kwa miaka kumi na minne amejaribu kujua alikosea wapi siku ile, amelitengeneza bamba lile nyumbani mara tatu na kulipima, na hajaona kosa.  Marehemu alilijibu usiku wake, kwa Wachuka, akampa ufunguo wa kisanduku chake cha vifaa, na asubuhi akaamuru barua hii itafutwe.

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Mei 1989, saa tatu asubuhi, redio ikiwa imefunuliwa. Tangu siku hiyo Wachuka hajaifunika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Sista Murugi aliyetoka kwenye kustaafu kwake akaja kumgeuza kitandani kwa mikono yake, majirani wa Gatitu na wa Majengo waliopika na kuchota maji, wafanyakazi wenzake wa Mtakatifu Silasi, msimamizi wa stoo wa sasa aliyetuwezesha kuipata barua baada ya kujaza fomu mbili tu, na zaidi ya wote familia inamshukuru Bwana Peterson Mworia, kwa safari yake, kwa viazi vyake, na kwa mtoto wetu Kahiga. Moffat, mume, baba na fundi, lala sasa, zamu yako imekwisha na swichi imezimwa kwa mkono wa mwenyewe.

Kuhusu barua ya tarehe 23 Septemba 1974, jibu lake ni hili. Kitambaa hakikupotea, kilikuwa ndani ya kisanduku cha vifaa cha marehemu, na sasa kiko mkononi mwa Wachuka. Tarehe 19 Septemba 1974, wageni walipokwenda kunywa chai, Moffat Theuri alikichukua rafuni, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya matundu ya mashine, na mashine ilipozima akakiondoa. Mashine ya Peterson Mworia haikuwa na kosa lolote.